Yaliyopita Yanapokuwa Ndwele

Mwezi wa saba Ubaruku, kwetu bonde la Usangu wilayani Mbarali, hailali. Mashine za kukoboa mpunga zinaunguruma tangu alfajiri, pumba zinarundikana nyuma ya mabanda kama vichuguu, na malori yanarudi kinyumenyume hadi mlangoni kupakia mchele. Ukitaka kumwona mkulima wa Usangu akiwa na furaha, njoo wakati huu, kabla wanaomdai hawajamfikia.

Julai moja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nimekaa na mjomba wangu kwenye benchi nje ya mashine mojawapo, tukisubiri zamu ya magunia yake. Tulikuwa tunabishana bei. Yeye alitaka kuweka mzigo stoo hadi Desemba, mimi namwambia auze nusu alipe watu. Lori lililokuwa nyuma yetu likatoa upepo wa breki, ule mfyonzo mkali wa ghafla. Nilipogeuka kumjibu, benchi lilikuwa tupu. Nilimkuta nyuma ya rundo la pumba, amechuchumaa, mikono kichwani, shati limelowa jasho, macho yako wazi lakini hayanioni. Vijana wa kupakia mizigo wakacheka. Nikamshika bega. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, watu wametoka wote?"

Hakukuwa na watu wa kutoka. Tulikuwa kwenye uwanja wa mashine, saa nne asubuhi, jua linawaka. Lakini yeye hakuwa pale. Alikuwa ndani ya basi lililopinduka barabara kuu miaka minne kabla ya siku hiyo. Alitolewa dirishani mkono umevunjika, na abiria aliyekaa naye kiti kimoja hakutoka akiwa hai.

Mkono ulifungwa hogo, ukaunga. Kilichobaki hakikuonekana kwenye picha ya eksirei.

Tuna methali tunayoipenda mno: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimeisikia misibani, kwenye vikao vya ukoo, kwenye baraza la kata. Ni methali njema kwa watu waliogombania mpaka wa jaruba. Kwa mtu kama mjomba mambo yamegeuka: yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na yasipogangwa hayo, yajayo hayafiki.

Wataalamu wetu huuita ugonjwa huu msongo wa mawazo baada ya kiwewe. Neno msongo tumelitumia hadi limechakaa, maana siku hizi ada ya shule ni msongo na mapenzi ni msongo. Mimi nashikilia neno la mwisho. Waswahili walikuwa na kiwewe, na kihoro, na jinamizi, kabla hospitali hazijajengwa. Tofauti ni kwamba kiwewe cha kawaida humjia mtu kikamtoka. Hiki huhamia na vyombo vyake.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautambua ugonjwa huu kwa mambo matatu yanayodumu wiki kadhaa au zaidi hadi kuvuruga maisha ya mtu. La kwanza, tukio linarudi kana kwamba linatokea sasa, iwe ndotoni au mchana kweupe kama pale kwenye mashine. La pili ni kukwepa. Mjomba alianza kwa kuacha kupanda basi. Kisha akaacha kwenda Igawa, kwa kuwa ndiko yanakopita magari makubwa. Kisha akaacha kwenda Rujewa hata kwa shughuli za ofisini, akawa anamtuma mtoto. Mwisho akaacha kukaa barazani jioni, kwa sababu watu wakikaa barazani husimulia safari. Mtu aliyekuwa akiuza mchele hadi Tunduma, dunia yake ikabaki nyumba na majaruba yake mawili. Sisi tukasema amekuwa mtu wa shamba sana siku hizi, na tulisema kwa kumsifu.

La tatu, mwili unaamini hatari bado ipo. Usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu. Mlango ukibamizwa anaruka. Watoto wakicheza kwa kelele anawafokea kwa ukali ambao hakuwa nao, kisha anakwenda nyuma ya nyumba kukaa peke yake, na uso wake unaonyesha kuwa anajutia.

Hili la tatu mtu wa Ubaruku hahitaji daktari kumweleza. Mpunga ukianza kushika punje, kwelea kwelea huja kwa makundi ya kufunika jua, na kundi moja likitua asubuhi, hadi mchana shamba ni mabua. Kwa hiyo mwenye shamba hujenga dungu, akamweka mtu juu yake kuamia ndege tangu mapambazuko hadi giza, ana kombeo na debe la kugonga. Mtu huyo akipigia kelele kila kivuli kinachopita hakosei, ndiyo kazi aliyopewa. Sasa chukulia mavuno yamekwisha, mpunga umekobolewa, fedha imeliwa, na hakuna aliyekwenda kumwambia ashuke. Bado yuko juu kule, usiku na mchana, anagonga debe juu ya shamba tupu. Hana wazimu wala si mwoga. Ni mlinzi mwaminifu ambaye hakufikiwa na habari.

Kwenye ubongo dungu hilo lipo kweli. Ni kiungo kidogo mfano wa lozi kiitwacho amigdala, na kazi yake ni kunusa hatari na kupiga yowe kabla akili haijafikiri. Jirani yake kuna kiungo kingine, hipokampasi, ambacho huipa kumbukumbu mahali na tarehe yake. Siku ya tukio, homoni za hatari zinapofurika, amigdala huandika kwa wino mzito: mlio, harufu ya dizeli, mwanga wa taa. Hipokampasi huzidiwa, ikaacha vipande bila mpangilio. Ndiyo sababu mfyonzo wa breki unatosha kurudisha basi zima, na tarehe hairudi nalo. Wazee waliliona hili waliposema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Walikuwa wanaeleza ugonjwa. Sisi tumeufanya utani.

Wazungu waliusoma sana kwa askari wao. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika kwenye jarida la kitabibu kuhusu wanajeshi waliopoteza kuona, kunusa na kumbukumbu baada ya makombora kulipuka karibu nao. Ikachukua hadi 1980, baada ya Vita vya Vietnam, ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipouingiza rasmi kwenye kitabu chake cha magonjwa. Na sisi tulikuwa na askari wetu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua wanajeshi na mgambo kutoka pande zote za nchi, na waliorudi walipokewa kwa ngoma. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na mzee mmoja kijijini kwetu aliyetoka huko. Radi zikipiga aliingia uvunguni mwa kitanda. Tulipita dirishani kwake tukigonga mabati ili tumwone akikimbia. Sijawahi kumwomba radhi, na sasa amekufa.

Siku hizi vita ya watu wa huku ni barabara. Ile lami inayotoka Dar es Salaam hadi Tunduma inapita Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, inapanda Inyala, inaingia Uyole. Ndiyo inayobeba mchele wetu, wagonjwa wetu wa rufaa na wanafunzi wetu. Hakuna kaya ninayoijua Mbarali isiyokuwa na jina la mtu iliyempoteza juu yake. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam lilikutana na lori, kontena likaliangukia basi, na zaidi ya watu 40 wakafa. Nchi nzima ililia. Magazeti yalihesabu maiti, na kila aliyezikwa alikuwa na tanga lake, wimbo wake, daftari lake la rambirambi.

Walionusurika je? Hapa ndipo mila zetu, ambazo kwa msiba ni tajiri kuliko za watu wengi, zinakatika ghafla. Aliyekufa tunamlaza, tunamlilia, tunakaa naye hadi arobaini. Aliyefiwa tunampikia na kumchotea maji. Aliyetoka hai ndani ya basi lile lile tunampa sentensi moja: mshukuru Mungu umepona. Mjomba aliambiwa hivyo na watu wote waliokuja kumwona, nami nikiwamo. Alishukuru. Baada ya hapo hakuwa na mlango wa kusemea chochote, kwa maana ukiisha kushukuru, kulalamika ni utovu wa shukrani. Na kulikuwa na la ndani zaidi ambalo alikuja kulisema baadaye sana: kwamba yule abiria wa jirani ndiye aliyempisha akae dirishani.

Si kila anayepatwa na tukio kubwa huugua hivi, na hili ni jambo la kutia moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu watu 70 kati ya 100 duniani hupatwa na tukio la kutisha katika maisha yao, na kati ya hao wanaoishia kupata ugonjwa wa kiwewe hawafiki 6 kwa 100. Kwa wengi, zile ndoto na kushtuka hupungua zenyewe katika wiki za mwanzo, wakiwa na watu wao, wakila, wakilala, wakirudi kazini. Hata miongoni mwa wanaougua, hadi 40 kwa 100 hupona ndani ya mwaka mmoja. Lakini hatari hailingani kwa kila tukio. Ukatili wa mtu kwa mtu, hasa wa kingono, huacha kiwewe mara nyingi zaidi kuliko ajali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uligundua kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hao hawaambiwi hata washukuru Mungu. Wanaambiwa wanyamaze.

Mjomba alizunguka miaka minne kabla ya kukutana na jina la ugonjwa wake. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, akapimwa presha. Kichwa na uchovu vikaitwa taifodi, akanywa dawa za taifodi mara tatu. Kwenye kituo kimoja alipewa diazepam za kulalia, akalala, akaamka na ndoto zile zile, na ikawa bila kidonge halali kabisa. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri dawa za jamii hiyo zisitumike kutuliza watu waliotoka kwenye tukio la kiwewe. Mganga mmoja alisema kuna mtu anamchezea. Na jioni kulikuwa na pombe ya komoni, ambayo haihitaji cheti. Ndugu walianza kusema ni mlevi. Pombe ilikuwa dawa yake ya usingizi, tena dawa mbaya, maana huchelewesha kiwewe kupona na huleta mzigo wa pili juu ya wa kwanza.

Mtu anayesoma haya na kumtambua baba yake au mkewe ajue hivi: ugonjwa huu hutibika, na tiba yake kuu haimo kwenye chupa. Dawa zipo, za jamii ya zile zinazotibu sonona, kama fluoksetini na setralini, na huwasaidia baadhi ya watu zikitolewa na mtaalamu. Ila kinachoponya wengi ni mazungumzo yenye utaratibu, ambamo mgonjwa anairudia siku ile polepole, mikononi mwa mtu aliyefundishwa, hadi siku ile ipate mwanzo, katikati na mwisho. Namaanisha mtu aliyefundishwa. Kumlazimisha mtu asimulie yote siku ile ile ya ajali, mbele ya umati, hakumkingi na kitu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, miongoni mwao Frank Neuner na Maggie Schauer, walikuwa wametengeneza tiba ya kusimulia. Mgonjwa anatandaza kamba sakafuni, na kamba ile ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Juu yake anaweka ua kila penye jambo jema na jiwe kila penye jambo baya. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia kamba nzima kwa mpangilio. Wanapofika kwenye jiwe wanapunguza mwendo: ulisikia nini, mwili ulifanya nini, ulifikiri nini, na sasa hivi unaposimulia mwili unafanya nini. Lile swali la mwisho ndilo ufunguo, kwa sababu linamweka mtu na mguu mmoja kule na mwingine hapa. Mshauri anaandika, na kikao kijacho anamsomea habari yake mwenyewe.

Na washauri walikuwa nani? Hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao, waliofundishwa kwa wiki sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, yalionyesha kuwa miezi kadhaa baada ya vikao sita tu, karibu 70 kati ya 100 waliotibiwa kwa kamba na mawe hawakuwa tena na ugonjwa, huku wale ambao hawakutibiwa wakiwa kama 37. Ushauri mwingine, usiofuata kamba, uliotolewa na watu hao hao, haukuwa nyuma sana. Funzo ninalolisoma hapo ni kwamba mtu wa kawaida mwenye moyo na mafunzo anaweza kumshusha mwenzake dunguni.

Mashariki mwa Kongo walikwenda mbali zaidi. Kwenye vijiji vya Kivu, zaidi ya wanawake 400 walionusurika ukatili wa kingono walihudumiwa na wanawake wa huko huko waliofundishwa. Kundi moja lilipata tiba ya pamoja, vikao 12, likijifunza kuchambua mawazo kama "ni kosa langu". Kundi jingine lilipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Taarifa iliyochapishwa 2013 inasema baada ya miezi sita, waliokuwa bado na sonona au wasiwasi wa kiwango cha kuitwa ugonjwa walikuwa 9 kwa 100 kwenye kundi la tiba, na 42 kwenye lile jingine. Kiwewe nacho kilipungua. Hayo yalitokea wakati bunduki zinasikika jirani. Na hapa Tanzania, Moshi, pamoja na Bungoma ya Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili waliingizwa kwenye utafiti uliotangazwa 2020, washauri wakiwa watu wa kawaida waliofundishwa. Bungoma kote, mjini na vijijini, na vijijini Moshi, tiba ilipokwisha waliotibiwa walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao. Mjini Moshi tofauti haikuonekana, na sitaificha: tiba hizi hazifiki kila mahali kwa nguvu ileile.

Aliyemwokoa mjomba alikuwa muuguzi wa afya ya akili, mwanamke mtulivu asiye na haraka. Siku ya kwanza hakumuuliza juu ya ajali. Alimuuliza analala saa ngapi, anaota nini, mara ya mwisho kupanda gari ilikuwa lini. Kisha akamwambia jina la ugonjwa. Mjomba aliniambia alipotoka nje alikaa chini ya mwembe akalia, na hakuwa akilia kwa huzuni. "Kumbe ni ugonjwa, mjomba," alisema. "Mimi nilidhani nimeharibika."

Wakasimulia, wiki kwa wiki. Wiki za mwanzo ndoto ziliongezeka, na hapo wengi hukata tamaa wakaacha. Yeye pia angeacha, kama si mkewe. Mama huyu, ambaye hajasoma saikolojia popote, alishajifunza mengi kwa miaka ile. Alijua kuwa mumewe akipiga kelele usiku hupaswi kumtikisa, maana ataamka akipigana. Anawasha taa kwanza, anasimama mlangoni, anamwita kwa jina lake la utotoni, anamwambia yuko Ubaruku, kwake, na mkewe ni huyu. Muuguzi alipolisikia hilo alitabasamu akasema waendelee hivyo hivyo, na mchana mume naye ajifunze kujiambia hivyo mwenyewe.

Kisha ikaja barabara. Kukwepa ndiko kunakolisha kiwewe, kwa sababu kila ukikimbia mwili unajiambia tumepona kwa kuwa tumekimbia. Kwa hiyo alirudi hatua kwa hatua, na hakuna hatua iliyofuata kabla ile ya nyuma haijazoeleka. Kwanza kukaa stendi ya Ubaruku nusu saa, bila kupanda chochote, hadi moyo utulie wenyewe. Alikwenda siku tisa mfululizo, wapiga debe wakamzoea wakaanza kumletea kahawa. Kisha kupanda hiace hadi Rujewa na kurudi. Kisha Igawa, kusimama kando ya lami na kuyatazama malori yakifunga breki. Hapo nilikwenda naye. Alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi, na nilimwona akihesabu kwa midomo. Lori la nane au la tisa, mkono ukalegea.

Niseme na jambo ambalo tiba haiwezi. Kuna kiwewe ambacho hakina "baada". Bonde hili la Usangu limeona watu wakihamishwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu na ng'ombe wao, wakapelekwa hadi Lindi na Pwani, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu hapo mvutano wa mipaka kati ya vijiji na hifadhi haujakauka. Maji ya Ruaha Mkuu ni mali ya nchi nzima na mabwawa ya umeme yanayategemea, hilo nalikubali. Lakini mtu anayelala akiwaza kama kesho atakuwa na nyumba, huwezi kumwambia ashuke dunguni. Ndege bado wapo. Usalama wake ndiyo dozi ya kwanza, na hiyo haitolewi na muuguzi. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanamke anayerudi kila jioni kwenye nyumba ya anayempiga. Yeye aanzie Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa mtu mmoja anayemwamini wa kumsindikiza huko.

Kwa wengine wote, mlango upo japo ni mwembamba. Madaktari wa akili nchi nzima ni wa kuhesabu kwa makumi. Kutoka Ubaruku unaanzia zahanati au kituo cha afya, unakwenda Hospitali ya Wilaya Rujewa, unafika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na huko wataalamu wa akili wapo. Ukifika, usiseme una presha. Sema unaota nini, na tangu lini. Na mtu akikwambia amechoka kuishi, usimwache peke yake hata usiku mmoja, mpeleke.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa nao zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za chanjo, lishe na kifua kikuu. Nakivale ilihitaji wiki sita za mafunzo. Naomba, na naomba kwa dhati, wiki hizo sita zipatikane kwa baadhi yao, na zianze kwenye kata zilizo kando ya barabara hii. Swali moja tu la ziada mlangoni, "unalalaje?", lingempata mjomba miaka minne mapema.

Mwaka jana tulikuwa na harusi Iringa. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa, na watu walishapanga kumkodia mzee gari dogo. Alikataa. Alisema atapanda basi na wenzake. Tulipanda Igawa asubuhi, akachagua kiti cha dirishani, akafunga mkanda, akaukaza mara mbili. Kwenye mizani ya Makambako malori yalikuwa yamepanga foleni, na yote yalikuwa yakitoa upepo. Mgongo wake ukanyooka. Nikamsikia akisema taratibu, peke yake, "Leo Jumamosi. Hapa Makambako. Nakwenda kumwoza mwanangu."

Basi likaondoka. Akaniuliza kama nimekula, akatoa karanga mfukoni, akazungumza kidogo habari za mahari, kisha akanyamaza. Kabla ya Mafinga kichwa chake kilikuwa kimelala begani kwangu, kizito, mdomo wazi, anakoroma. Tulipita Changarawe hivyo hivyo. Sikuthubutu kusogea. Mimi ndiye niliyebaki macho, nikiitazama barabara.